Papa wa nazi, papa wa Peru na Papa wa Roma

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina mgahawa mdogo hapa Wete, Pemba. Wiki iliyopita walikuja wageni watatu, nikawaambia kwamba siku hiyo kulikuwa na papa wa nazi. Mmoja wao, mtu wa Peru, alifurahi akaagiza bila kuuliza, lakini sahani ilipofika alibaki ameduwaa kuona samaki, kwa sababu kwao papa ni mbatata. Mwenzake Mfaransa akasema kwamba kwao papa ni baba mzazi, na mwanangu anayesoma sekondari akaongeza kwamba Papa ni mkuu wa Wakatoliki. Jirani yangu anashikilia kwamba yote hayo yametoka katika Kiswahili, kwa vile sisi ni watu wa bahari na maneno yetu yamesafiri na majahazi. Je, asili ni moja? Na ule ubao wangu wa chakula niuandike vipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile unalolisubiri: asili si moja. Kati ya papa wote waliotajwa mezani kwako siku ile, wenye ukoo mmoja ni wawili tu, yaani baba mzazi wa yule Mfaransa na mkuu wa Wakatoliki. Papa wako wa nazi na papa wa Peru hawana udugu wowote, si wao kwa wao wala na hao wawili; wamekutana kwa sauti tu, kama abiria wawili wasiojuana wanaokutana chomboni wakagundua kwamba wote wanaitwa Juma. La ajabu ni kwamba jikoni kwako mlikuwamo neno jingine ambalo lina uhusiano wa kweli na vyakula vya bara la yule mgeni wa Peru, na neno hilo halifanani na papa. Nitalifikia.

Tuanze na samaki, kwa kuwa ndiye wa kwetu. Anayepita sokoni Darajani humjua papa mkavu kwa pua kabla hajamwona kwa macho: vipande vya rangi ya kahawia, vigumu kama kandambili kuukuu, vimepangwa juu ya magunia huku chembe za chumvi zikimeta kwenye kingo zake. Wewe unajua kuliko mimi kwamba ng'onda huyo haingii chunguni vivi hivi, bali huroweshwa, akamwagwa maji, akachemshwa, akasuguliwa ngozi yake inayokwaruza kama msasa, ndipo nyama ikachambuliwa na kutiwa tui, bizari na ndimu. Mafuta ya ini lake mafundi wa vyombo huyaita sifa, na yalikuwa yakipakwa kwenye mbao za majahazi ili kuzihifadhi. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba jahazi fulani lina sifa, una haki ya kuuliza ni sifa ipi. Yule mkubwa kuliko samaki wote, mpole, mwenye madoa meupe mgongoni, ndugu zetu wa Mafia humwita papa potwe, na wa pwani ya Kenya humwita papa shilingi kwa sababu madoa yake ni kama sarafu zilizotawanywa. Magazeti nayo yamemhamisha papa kutoka baharini kumpeleka mjini: huandika juu ya mapapa wa dawa za kulevya, na wale wadogo wanaokamatwa kila siku huitwa dagaa.

Neno hili tumelipata wapi? Njia salama ya kuanzia ni kuwauliza wale ambao kwa kawaida hutukopesha maneno ya bahari. Mwarabu humwita samaki huyu qirsh, Mwajemi humwita kuseh, Mreno tubarão, na Mmalei yu. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye papa. Wanaosema papa kama sisi ni Wakomoro, ambao lugha yao ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Kwa hiyo sioni sababu ya kumtafutia papa nasaba ya ng'ambo. Ni neno la pwani hii na visiwa vyake. Wapo wanaolifungamanisha na kitenzi kupapa, kama tunaposema kwamba moyo unampapa mtu aliyeingiwa na hofu, wakidai kwamba samaki amepewa jina hilo kwa vile anawatia wavuvi mapigo ya moyo. Maelezo ya namna hii ni matamu kusimuliwa barazani, lakini yanaweza kutungwa mengi kwa siku moja. Kiswahili kina kupapasa, kupapatika, kupapura na kupapia, mbali na papasi, yule mdudu anayenyonya damu ambaye jina lake watu wa Mjini wamewabandika madalali wanaowaganda watalii. Kwa mantiki ile ile ningeweza kudai kwamba papa ametokana na kupapia, kwa kuwa anakula kwa pupa, na madai yangu yangekuwa na nguvu sawa na yale ya moyo, yaani hayana.

Niruhusu nipinde kidogo kwenye lile neno la Kiarabu, kwa sababu linatufundisha jambo lile lile kwa upande mwingine. Katika Kiarabu qirsh ni papa, lakini qirsh pia ni sarafu. Msikiaji asiyejua angedhani kwamba Waarabu nao waliyaona madoa ya papa shilingi wakayaita fedha. Sivyo kabisa. Qirsh ya fedha ni mgeni kutoka Ulaya: Wajerumani walikuwa na sarafu iliyoitwa Groschen, jina lililotokana na neno la Kilatini grossus, maana yake nene, na neno hilo likaenea hadi kwa Waturuki, ambao mpaka leo husema kuruş, na kwa Waarabu, likatua juu ya neno la samaki lililokuwapo tangu zamani. Hilo la samaki ndilo ambalo baadhi ya wanazuoni wa kale wa Kiarabu walilitumia kueleza jina la kabila la Kureshi, wakisema kwamba ni papa mdogo anayewala wengine naye haliwi. Wengine walilieleza jina hilo kwa maana ya kukusanyika. Tazama basi: katika lugha moja papa na sarafu wana jina moja bila uhusiano wowote, na katika lugha nyingine, yaani yetu, papa amepewa jina la sarafu kwa sababu inayoonekana kwa macho. Mfanano ni mmoja, visa ni viwili, na huwezi kuvitenganisha mpaka ufuate njia ambayo kila neno limepita.

Kwa nini basi sauti papa ijirudie katika lugha nyingi kiasi hiki? Hapa hesabu ndogo inasaidia. Chukua lugha yenye konsonanti kama 20 na irabu 5, ambayo silabi zake ni za namna ya zetu, yaani konsonanti moja na irabu moja. Silabi zake zote hazizidi 100. Maneno yanayotengenezwa kwa kuirudia silabi moja, kama vile kaka, dada, bibi, nana na papa, nayo hayawezi kuzidi 100. Duniani kuna lugha zipatazo 7,000, kila moja ikiwa na maelfu ya vitu vya kuvitaja, na zote zinagombea vijina hivyo vichache vifupi na vyepesi kutamka. Kingekuwa kioja kama papa angekuwa na maana moja tu ulimwenguni. Hata ndani ya Kiswahili peke yake maneno mafupi yanagongana: paa ni sehemu ya juu ya nyumba, paa ni mnyama wa porini, kupaa ni kwenda juu, na kupaa samaki ni kumkwangua magamba. Wazee wetu hulitenganisha la mnyama kwa kulitamka p kwa pumzi nzito zaidi, lakini maandishi hayaonyeshi pumzi, na mgeni anayesoma hataambua chochote.

Baba mzazi ana habari tofauti na hizo zote, nami naiona kuwa ndiyo nzuri kupita nyingine. Mtoto mchanga, kabla hajajua lugha yoyote, huanza kwa kufumba midomo na kuifumbua huku akitoa sauti: ma-ma, ba-ba, pa-pa. Hamwiti mtu, anacheza na midomo yake. Wazazi ndio wanaopokea sauti hizo na kujigawia, huyu akisema ameniita mimi na yule akisema ameniita mimi, na mgawanyo huo ndio unaoingia katika lugha. Mwanaanthropolojia wa Marekani George Peter Murdock alikusanya majina ya mama na baba kutoka lugha za pande zote za dunia, jumla 1,072, na mwanaisimu Mrusi Roman Jakobson, karibu na mwaka 1960, akayatumia kuonyesha kwamba jambo hili si la bahati nasibu: zaidi ya nusu ya majina ya mama, asilimia 55, yalikuwa na sauti za puani kama m na n, lakini kwa majina ya baba ni asilimia 15 tu. Jakobson aliona kwamba mtoto anaponyonya, midomo yake imeziba kwenye titi na sauti pekee anayoweza kutoa hupitia puani, ndiyo maana m imemwangukia mama. Sauti za p, b, t na d zikabaki kwa baba.

Lakini mgawanyo si sheria. Wajojia, walio kusini ya milima ya Kaukasi, wameugeuza kabisa: kwao mama ni baba, na mama mzazi ni deda. Mrusi akisikia mtu mzima wa Pemba akimwita mzazi wake baba atashangaa, kwa kuwa kwao baba ni ajuza au mwanamke wa shamba, huku mzazi wa kiume akiitwa papa. Na Wajapani, ambao leo watoto wao husema papa kwa baba kwa kuiga watu wa Magharibi, walikuwa na papa wao zamani za kale, naye alikuwa mama. Neno la Kijapani la mama, haha, lilianza kama papa. Sauti p ikalegea ikawa kama f inayopulizwa kwa midomo miwili, kisha ikalegea tena ikawa h. Ushahidi mmojawapo umehifadhiwa katika kitendawili kilichoandikwa mwaka 1516. Nitakutegea kwa desturi yetu. Kitendawili! Kwa mama hukutana mara mbili, kwa baba hawakutani hata mara moja. Jibu ni midomo. Mjapani wa leo akitamka haha midomo yake haikaribiani hata kidogo, na kitendawili hakimwingii akilini. Lakini wakati ule neno lilikuwa karibu na fafa, midomo ikisogeleana mara mbili, na baba alikuwa chichi, ambapo midomo hukaa kando. Jaribu kukitega kwa Kiswahili uone: kwa mama hukutana mara mbili na kwa baba mara mbili vilevile, kitendawili kikafa papo hapo.

Papa wa Mfaransa, basi, ni mtoto wa kinywa cha mtoto, na ni huyohuyo anayesikika katika Kilingala, kilichompokea kutoka Kifaransa, hata wanamuziki akina Papa Wemba wakajulikana kwa jina hilo na magazeti yetu ya udaku yakajizoeza kuandika papaa kwa kila mwenye fedha na madoido. Huyo ndiye pia mzee wa Papa wa Roma. Watoto wa Kigiriki walikuwa wakiwaita baba zao pappas; Wakristo wa mwanzo wakalitumia neno hilo kwa heshima na mapenzi kuwaita maaskofu wao, nalo likaingia Kilatini kama papa. Katika karne ya 3 maaskofu wa Iskandaria na wa Carthage, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, waliitwa hivyo bila mtu kuona ajabu, na mkuu wa Wakristo wa Kikopti wa Misri anaitwa Papa wa Iskandaria hadi leo. Huko Magharibi cheo hicho kilijibana taratibu kwa askofu wa Roma peke yake, na mwaka 1075, zama za Papa Gregory VII, kikaandikwa waziwazi kuwa ni jina la mtu mmoja tu duniani. Kwetu liliingia na wamisionari Wakatoliki, ambao wa kwanza wao katika zama hizi walitia mguu Unguja mwaka 1860, miaka zaidi ya 30 kabla ya kuinuliwa lile kanisa la Minara Miwili katika Mji Mkongwe. Naamini walijua vyema kwamba neno lao lilikuwa linatua juu ya samaki, maana waumini mara nyingi hupendelea kusema Baba Mtakatifu, jambo ambalo kwa kweli ni kulirudisha neno katika maana yake ya mwanzo.

Sasa tumfikie mgeni wako wa Peru. Katika Kikechua, lugha ya Wainka na ya mamilioni ya watu wa milima ya Andes hadi leo, papa ni mbatata, na hakuna haja ya kumtafutia baba wala samaki ndani yake. Si kila lugha ya milima hiyo yenye neno hilo. Kiaimara, jirani wa mlango kwa mlango, husema ch'uqi. Wahispania walipoivamia Peru mwaka 1532 walilikuta zao hilo wasilolijua, wakalichukua pamoja na jina lake. Na hapa kuna jambo ambalo nadhani litakufurahisha wewe unayechambua ng'onda: watu wa nyanda za juu za Andes nao hukausha papa wao. Huwaanika nje usiku wagande kwa baridi kali, mchana jua likawayeyusha, wakawakanyaga kwa miguu kuwakamua maji, wakarudia hivyo siku kadhaa mpaka mbatata ikawa nyepesi kama kizibo na kudumu miaka. Papa mkavu wa kule na papa mkavu wa hapa hawana nasaba moja, lakini shida iliyowazaa, ya kuhifadhi chakula cha siku za uhaba, ni moja.

Kabla ya kufika Peru, Wahispania walikuwa wamekwisha kulipata zao jingine. Columbus na watu wake, kuanzia mwaka 1492, waliwakuta Wataino wa visiwa vya Karibi wakila kiazi kitamu, ambacho Wataino walikiita batata. Mazao haya mawili hayana udugu wa kimmea, lakini kwa Mzungu wa wakati ule yote yalikuwa vitu vya kuchimbuliwa ardhini na kuchemshwa. Majina yakachanganyika: papa na batata vikazaa patata, neno ambalo Wahispania wa Ulaya hulitumia hadi leo kwa mbatata, ilhali visiwa vya Kanari na takriban bara lote la Marekani linalosema Kihispania wamebaki na papa. Husimuliwa kwamba huko Hispania waliliacha neno papa kwa kuogopa kumvunjia heshima Papa wa Roma. Mimi sishawishiki, kwa sababu Wahispania wa Peru na Meksiko walikuwa Wakatoliki kama wale wa Madrid, na hawakuona haya kumla papa kila siku. Waingereza walilipokea patata wakalifanya potato, nao mwanzoni walimaanisha kiazi kitamu. Wareno wakabaki na batata na kulihamishia kwenye kiazi cha Peru, wakalifikisha pwani ya magharibi ya India, ambako Wamarathi na Wagujarati husema batata mpaka sasa.

Na kutoka huko au kwa Wareno wenyewe likafika kwetu, tukaliongeza m mbele, likawa mbatata. Kati ya njia hizo mbili ninaelemea ile ya wafanyabiashara wa Kihindi, kwa sababu mbatata kwetu imeshikamana na kachori, bajia na urojo kuliko na chakula chochote chenye harufu ya Kireno, lakini sitagombana na atakayeelemea ile nyingine. Ndugu zetu wa bara husema viazi ulaya, jina linalokisifia Ulaya kwa kiazi isichokizaa. Sisi tumeshika mbatata, neno la Wataino wa Karibi lililokuwa la kiazi kitamu, na kile chenyewe, mwenye jina, tumekibandika jina jingine, kiazi kitamu. Hili ndilo neno nililokuahidi. Mgeni wako aliposikia papa alidhani amesikia neno la kwao, kumbe alikuwa amedanganywa na masikio; na ulipomweleza kwa kutaja mbatata hakutambua chochote, ilhali neno hilo ndilo lililovuka bahari mbili kutoka upande wake wa dunia mpaka kwenye karai lako.

Utaona kwamba ninapolikubali mbatata na kulikataa papa, sifuati sauti peke yake. Nauliza: kitu kimesafiri pamoja na jina? Maana imebaki ileile au imesogea kwa namna inayoeleweka? Katikati ya njia kuna vituo vinavyojulikana? Mfano mgumu zaidi unatoka Bahari ya Pasifiki. Wamaori wa Nyuzilandi humwita mama ardhi Papatuanuku, kwa kifupi Papa, na kwa jumla papa kwao ni kitu bapa: mwamba, ubao, uso wa ardhi. Mtu mwenye hamu ya kuunganisha ataruka mara moja na kusema: mbatata iko ardhini, ardhi ni papa, basi Wakechua na Wamaori walikuwa wamoja. Lakini papa wa Wamaori ana njia yake iliyo wazi, inayorudi magharibi kupitia visiwa hadi kwa Wamalei, ambao ubao huuita papan. Haielekei Peru kabisa.

Hata hivyo kuna neno jingine la Wamaori linaloelekea huko kweli. Kiazi kitamu wao hukiita kumara, na katika baadhi ya lahaja za Kikechua kiazi hichohicho huitwa kumar au kumara. Zao hili asili yake ni bara la Marekani, na mabaki yake yaliyoungua yamechimbuliwa katika kisiwa cha Mangaia, katikati ya Pasifiki, yakiwa na umri wa kabla ya Columbus. Hapo kitu ni kilekile, jina ni lilelile, na wakati unaruhusu. Ndiyo maana wataalamu wengi wanakubali kwamba mabaharia wa Polinesia walifika Marekani Kusini wakarudi na mbegu pamoja na jina lake. Jirani yako ana haki ya kuwastahi mabaharia, ila aniletee ushahidi wa namna hiyo. Maneno yetu yamesafiri kweli, na yaliposafiri yameacha nyayo: ule mchezo wa vipande vya mbao vinavyopangwa mpaka vianguke, unaouzwa dunia nzima kwa jina la Jenga, ulitolewa mwaka 1983 na Mwingereza Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki, naye mwenyewe alieleza kwamba jina ni kitenzi chetu cha kujenga. Yupo mtu, upo mwaka, ipo maana. Kwa papa wa Peru au wa Roma jirani yako hana hata kimoja kati ya hivyo.

Imebaki habari ya ubao. Kuandika papa wa nazi peke yake kuna hatari kuliko unavyodhani, hasa Waitaliano wanapokuja kwa wingi visiwani kwetu. Katika Kiitaliano baba mzazi ni papà, nguvu ya sauti ikiangukia silabi ya mwisho, lakini papa inayotamkwa kama yetu, nguvu ikiwa kwenye silabi ya kwanza, ni Papa wa Roma mwenyewe. Na nazi, ambayo kwetu haina kosa lolote isipokuwa kuwa ngumu kuikuna, huko Ulaya nzima husomwa kama kifupi cha Nationalsozialist, mfuasi wa chama cha Adolf Hitler kilichoitawala Ujerumani kuanzia 1933 hadi 1945. Kwa hiyo Mtaliano anayesimama mlangoni kwako akisoma ubao anaona mambo mawili mazito yakiwa yamepangwa kando ya bei ya chakula, na usishangae akipiga picha kabla ya kukaa.

Usilifute jina lako la Kiswahili. Liache juu, kwa herufi kubwa, na chini yake mwombe mwanao aandike tiburón kwa wasemao Kihispania, requin kwa Wafaransa na squalo kwa Waitaliano, kisha achore kando yake samaki mwenye pezi lililosimama mgongoni, kwa ajili ya wale ambao lugha yao haimo. Na yule mtu wa Peru akirudi, mtangulizie kachori mbili za mbatata zenye pilipili na ukwaju, umweleze jina lake limepita wapi, huku papa akiendelea kuchemka.